Ubao ukipotea baharini, mtoto arudi kwanza

Msimu wa kusi, kati ya Juni na Septemba, anga ya Paje, mashariki mwa Unguja, hujaa kaiti za kila rangi. Wanaojifunza mchezo huo ni pamoja na watoto wetu. Siku nyingine upepo hulegea, kijana anaanguka majini, kaiti inamvuta na ubao unabaki nyuma. Mzazi aliye ufukweni anapiga kelele: “Fuata ubao! Hiyo ni pesa!”

Mzazi, hapo tunakosea.

Kaiti humvuta kijana kuelekea upepo unakokwenda, kwa hiyo ubao hubaki upande upepo unakotoka. Hawezi kuuendea moja kwa moja. Inabidi abishe kama nahodha wa ngalawa: aende upande mmoja, ageuke, aende upande wa pili, kila mara akipanda kidogo. Hulala ubavu majini, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama mkuku, mwingine umeshika fimbo ya kuongozea kaiti.

Upepo ukiwa hafifu, kazi huwa ngumu zaidi. Kaiti iliyotulia sehemu moja hupoteza nguvu na inaweza kudondoka, hivyo huichezesha taratibu, juu na chini. Asiivute sana fimbo kifuani, maana kaiti itarudi nyuma na kuanguka. Akiona kamba zinalegea mara kwa mara, aachane na ubao na arudi ufukweni wakati kaiti bado iko hewani.

Haraka haraka haina baraka. Mara nyingi mawimbi na upepo huuleta ubao taratibu upande wake.

Mfundishe mambo haya kabla hajaingia majini:

Kaiti ikianguka, asijifungue ili aogelee kuufuata ubao. Kaiti iliyojazwa hewa huelea. Ndiyo boya lake, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Asifunge ubao mwilini kwa kamba. Kamba ikivutika na kuachia, ubao hurudi kwa kasi na unaweza kumpiga kichwani.

Asiingie majini upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Upepo huo ukimshinda, utampeleka mbali na ufukwe.

Nawe hakikisha amevaa jaketi la kuokolea na kofia ngumu, mwalimu anamwona, na boti ya kumfuata iko tayari. Uliza pia saa za maji kujaa na kupwa.

Baada ya hayo, kuna neno moja ambalo mwalimu hawezi kulisema kwa niaba yako. Mtoto anayejua atagombezwa kwa ajili ya ubao ataufuata hata pale ambapo nguvu zimemwishia. Mwambie leo, kabla ya bahari: “Ubao ukipotea, mwanangu, sitakugombeza. Wewe rudi.”

Ubao hununuliwa mwingine.