Nahodha, Rubani na Kompyuta

Katika lugha ya mwambao, chomboni mna watu watatu ambao kazi zao hazichanganywi. Nahodha, neno lenye asili ya Kiajemi, ndiye mwenye amri. Rubani, neno la Kiarabu, ndiye ajuaye njia na miamba. Na mshika usukani hutii. Rubani hushauri, na nahodha mwenye busara humsikiliza, lakini chombo kikipanda mwamba, atakayeulizwa ni nahodha. Ndege zilipokuja, Kiswahili kilichukua neno moja, rubani, kikalitwisha kazi zote tatu. Huko bara, kama Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ambako hata bandari hutajwa kuwa ni bandari kavu, rubani ni mtu wa angani tu. Kusudi letu ni kuonyesha ya kuwa kompyuta imezitenga tena kazi hizo, na ya kuwa yatupasa kuzieleza kwa maneno yaliyo sawa.

Katika ndege za zamani mkono wa rubani ulivuta nyaya zilizofika mpaka mabawani na mkiani. Katika Airbus A320, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 1988, mkono hupeleka ombi kwa njia ya umeme. Kompyuta hulipima, kisha hulitekeleza. Maadamu mitambo yote ni mizima, ndege hiyo haiinami ubavu kupita digrii 67, hata rubani akilazimisha. Katika Boeing 777, ya mwaka 1995, mipaka imo pia, lakini rubani akiikaribia usukani huwa mzito, na akikaza mkono huivuka. Basi twaweza kusema ya kuwa kompyuta ya kwanza hukataza, na ya pili hukinza.

Kila upande una hoja yake. Wenye kukataza husema ya kuwa mtu aliyeshtuka huvuta kupita kiasi. Wenye kukinza hujibu ya kuwa hakuna fundi awezaye kuyaona mambo yote kabla hayajatokea, na huenda siku moja kuvuka mpaka ndiko kutakakookoa watu.

Lakini liko neno la tatu, nalo ni kutenda. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu, wakafa watu wote 157, miongoni mwao Wakenya 32. Kipimo kimoja cha pembe ya upepo kilitoa habari za uongo ya kuwa pua imeinuka mno, na mfumo uitwao MCAS ukaishusha tena na tena kwa kuligeuza bawa la mkiani. Marubani waliukata umeme wa kuligeuzia bawa hilo, lakini kwa ule mwendo mkubwa gurudumu la mkono halikugeuka. Ndege ya Lion Air ya Indonesia ilikuwa imekwisha kupotea kwa sababu kama hiyo tarehe 29 Oktoba 2018, pamoja na watu 189. Kabla ya hapo, jina la mfumo huo halikuelezwa katika kitabu cha marubani.

Hapa mashine haikumwekea nahodha mpaka. Ilishika usukani yenyewe, kwa ushahidi wa shahidi mmoja, na nahodha hakuambiwa ya kuwa yumo mwingine chomboni. Marekebisho yaliyokubaliwa Marekani Novemba 2020 yafuata hoja hiyo hiyo: vipimo viwili hulinganishwa, mfumo hutenda mara moja tu kwa kila tukio, wala haupewi nguvu ipitayo ile ya mkono wa rubani. Jambo hili latuhusu, kwa kuwa Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea 737 MAX 9 mwaka 2023.

Yafaa, basi, mwandishi asiseme tu kwamba kompyuta “huongoza” au “hulinda” ndege. Na aseme kama yaonya, yakinza, yakataza au yatenda. Kwani katika kila neno mamlaka ya nahodha ni mbali, na abiria ana haki ya kujua ni nani atakayeulizwa.