Bunge: Lilivyoanza na Linavyofanya Kazi

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za Bunge. Jina lake husikika kila siku, lakini si wengi wajuao lilitoka wapi, wala ni kazi gani hasa ifanyikayo ndani yake. Nasi tutatoa mifano yetu pwani ya Ziwa Tanganyika, toka Mwanga na Kibirizi hata Ujiji, ili kila mtu aone jinsi jambo hili limhusuvyo.

Yafaa tuanze na jina. Nchi nyingi zina mabaraza mawili ya kutunga sheria, moja likiitwa la juu na la pili la chini. Mtu asidhani kwamba la chini ni dogo kwa nguvu. Jina hilo ni desturi ya kale ya Uingereza, ambako mabwana wakubwa walikuwa na baraza lao, na wajumbe wa watu wakakaa katika jingine lililohesabiwa kuwa chini yake. Miaka ikapita, na baraza la chini likalishinda la juu kwa nguvu, kwa kuwa ndilo lililoshika mfuko wa fedha. Jirani zetu wa ng'ambo, Kongo, wana mpango wa mabaraza mawili: Bunge la Taifa, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na watu wenyewe, na Seneti, ambayo huchaguliwa na mabaraza ya majimbo. Burundi nao wana mabaraza mawili. Tanzania haina baraza la juu. Bunge letu ni moja tu, na kazi yote ya baraza la watu imo mikononi mwake.

Lakini halikuanza kuwa la watu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron. Gavana mwenyewe ndiye aliyekaa kitini. Wajumbe wote waliteuliwa, wala hapana hata mmoja aliyepigiwa kura. Wengi wao walikuwa maafisa wa serikali, na waliosalia walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika hakuwamo, na ilidaiwa kwamba maafisa wa serikali ndio watakaomsemea. Basi mvuvi wa Ujiji alilipa kodi yake kwa sheria iliyopitishwa Dar es Salaam, kwa lugha ya Kiingereza, na watu ambao hakuwachagua wala hakuweza kuwaondoa.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka 20. Mwaka 1945 wakateuliwa Waafrika wa kwanza wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Mwaka 1953 Gavana akaondoka kitini, akawekwa Spika. Mwaka 1955 viti vya wasio wa upande wa serikali vikagawanywa sawasawa: 10 vya Waafrika, 10 vya Wahindi na 10 vya Wazungu. Mgawanyo huo ulionekana sawa kwa hesabu, lakini Waafrika walikuwa mamilioni, na wale wengine walikuwa maelfu tu.

Kisha ukaja uchaguzi wa kwanza, wa mwaka 1958 na 1959, ulioitwa wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura: ilimpasa awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa katika sheria. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia. Walikutana Tabora mwezi wa Januari 1958, na baada ya mabishano makali Mwalimu Julius Nyerere aliwavuta wakubali kuingia, wapate kulibadili Baraza wakiwa ndani yake. Mwezi wa Agosti 1960 masharti yalikuwa yamepunguzwa, ikatosha mtu kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. TANU ikapata viti 70 katika 71. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Baraza likawa Bunge. Mwaka 1965 watu wazima wakawachagua wabunge bila sharti la elimu wala mapato, ingawa chama kilikuwa kimoja tu na wagombea wawili wa chama hicho ndio walioshindana, mmoja kwa alama ya jembe na wa pili kwa alama ya nyumba. Hata katika mpango huo Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Ya kwanza ni kutunga sheria. Chukua mfano wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ambayo wavuvi wa Kibirizi huishi chini yake. Kwanza huandikwa muswada, nao husomwa Bungeni mara ya kwanza kwa jina tu. Kisha hupelekwa kwa kamati, nayo huuchambua na kuwaita watu watoe maoni yao. Hapa ndipo mwananchi apatapo nafasi ya kusema kabla jambo halijakatwa. Baadaye husomwa mara ya pili, wabunge wakaujadili. Hupitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima. Kisha husomwa mara ya tatu. Mwisho hupelekwa kwa Rais autie sahihi. Rais akikataa, hana budi kutoa sababu. Bunge likiurudisha kwake kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote, itampasa atie sahihi katika siku 21, au alivunje Bunge.

Kazi ya pili ni fedha. Katiba yasema kwamba kodi haitozwi ila kwa sheria. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Julai, mawaziri huja kuomba fedha za barabara, shule na dawa, na Bunge hukubali au hukataa. Fedha zikiisha kutumika, Mkaguzi Mkuu huzikagua hesabu, na taarifa yake huletwa Bungeni.

Kazi ya tatu ni kuuliza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi toka tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Amri ya namna hiyo hutoka serikalini, haipigiwi kura Bungeni kama muswada. Lakini mbunge aweza kumwuliza waziri mbele ya watu wote kwa nini imetolewa, na mvuvi atakula nini katika miezi hiyo, na waziri hana budi kujibu.

Haya yote husimama juu ya kura. Kigoma yenyewe iliacha fundisho kubwa katika jambo hili. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, uchaguzi mdogo ulifanyika Kigoma Mjini mwaka 1994. Mgombea wa CCM akatangazwa mshindi, Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani. Uchaguzi ukabatilishwa, na serikali ilipokata rufaa, Mahakama ya Rufani, ambayo Jaji Mkuu wakati huo alikuwa Francis Nyalali, haikuikubali rufaa hiyo. Miongoni mwa mambo yaliyoamuliwa ni kwamba redio ya taifa ilikuwa imependelea upande mmoja, na upendeleo huo huharibu uchaguzi. Mwaka 1995 Dk. Kabourou alichaguliwa kuwa mbunge wa mji huo.

Neno hilo latuhusu sana sisi tusemao kwa redio, na ninyi msikilizao. Mtu aliyezuiwa kusikia upande wa pili hupiga kura kama afungwaye macho, ijapokuwa karatasi i mkononi mwake.

Basi ujueni muswada ungali kwa kamati, kwa maana ukiisha kuwa sheria ni vigumu kuurudisha. Mwulizeni mbunge wenu aliuliza nini, na alijibiwa nini. Hapo kale mvuvi wa Ujiji hakuwa na wa kumwuliza. Siku hizi yuko, naye huchaguliwa kwa muda tu.