Mchagua jembe si mkulima

Kila mwaka twaona jambo lile lile katika miji yetu. Kijana atamani kujifunza gitaa. Kabla hajajua hata jina la uzi mmoja, aenda dukani kununua gitaa kubwa la umeme, kikuza sauti, mkanda wa ngozi na sanduku la kuchukulia. Miezi mitatu ikipita, vyote vimetundikwa ukutani, na mwenyewe hawezi kupiga wimbo mmoja mpaka mwisho. Hatusemi hayo kwa kuwacheka vijana. Twayasema kwa sababu sisi wenyewe tulianguka katika shimo hilo.

Tulipokuwa mwalimu mpya, tulilipwa siku moja mishahara ya miezi minne iliyocheleweshwa. Nyumbani dada yetu mdogo alikuwa akingojea fedha ya shule. Tukajiambia moyoni: «Gitaa likiwa zuri, tutajifunza upesi, fedha ya shule tutalipa mwezi ujao.» Basi tukanunua. Mwezi uliofuata mshahara haukuja, wala ule wa pili. Dada yetu akakaa nyumbani muhula mzima. Kila asubuhi alipofagia chumba alilipangusa gitaa lile vumbi, wala hakutamka neno. Kimya chake kilituchoma kuliko lawama.

Mlinzi wa shule yetu alikuwa mzee mwenye gitaa kuukuu, lililozibwa kwa gundi, lenye nyuzi tano badala ya sita. Jioni alipolipiga, watoto walimzunguka. Siku moja alitutembelea, akalitazama gitaa letu linalong'aa, akasema: «Mwalimu, huyu umemlipia mahari yote, lakini hujazungumza naye bado.»

Maneno ya mzee huyo ni ya kweli, na wapigaji wakubwa wa nchi yetu wanayathibitisha. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930, alirekodiwa na mtafiti Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Wimbo wake «Masanga» ulisikika mbali sana nje ya Katanga. Katika wimbo huo hamna umeme wala kikuza sauti. Mna gitaa moja tu la mbao, na mkono wa kuume unaotumia kidole gumba pamoja na kidole cha shahada. Anayeusikia mara ya kwanza hudhani kwamba wapigaji ni wawili.

Naye Franco Luambo, aliyezaliwa Sona Bata mwaka 1938, alianza utotoni kwa gitaa alilojitengenezea mwenyewe kwa kopo na nyaya za umeme zilizochunwa. Mwaka 1953 alikuwa amekwisha kurekodi katika studio ya Loningisa mjini Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na mwaka 1956 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya OK Jazz. Kopo lile halikumpa ufundi, lakini halikumzuia kuutafuta.

Kwa nini basi twakimbilia vitu vya bei kali? Sababu ni kwamba kununua hutupa furaha ya mtu aliyekwisha kuanza, kumbe bado hatujaanza. Anayejifunza ni mkono na sikio, si chombo. Ngozi ya ncha za vidole huuma majuma ya kwanza, kisha hukomaa. Hakuna duka liuzalo ngozi hiyo. Vidole huzoea kuhama mahali hata mahali kwa kurudia polepole. Robo saa kila siku yafaa kuliko saa mbili za Jumapili peke yake.

Lakini tusidanganyane: chombo kibovu nacho chaweza kumvunja moyo mwanafunzi. Kwa hiyo, kabla ya kununua gitaa la bei nafuu, chungua mambo matatu. Kwanza, tazama shingo yake kama mtu atazamavyo ubao: iwe imenyoka, isiwe imepinda kama upinde. Pili, hesabu vile vyuma vyembamba vilivyopangwa juu ya shingo mpaka cha 12. Hapo uzi usiwe juu ya chuma kupita milimita 4 hivi, la sivyo vidole vitateseka bure. Tatu, piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze penye chuma hicho cha 12 uupige tena. Hapo ndipo nusu ya urefu wa uzi. Sauti iwe ile ile, ila ya juu zaidi. Ikipotoka, gitaa hilo litalidanganya sikio lako kila siku. Likishinda majaribio hayo matatu, latosha.

Tena ni bora zaidi kuazima kwanza. Azima miezi mitatu. Ukiona kwamba kila jioni mkono walitafuta gitaa wenyewe, nunua lako la bei ya kadiri. Chombo cha bei kubwa kinunuliwe siku utakapoweza kusema waziwazi: «Jambo fulani nalijua, lakini gitaa hili lakataa kulifanya.» Asiyeweza kusema hivyo bado hajakihitaji. Kanuni hii yamfaa pia mwenye kuanza kupiga picha, kushona kwa cherehani au kushindana kwa baiskeli.

Nanyi wazazi, mwana akiomba chombo, msimkatalie kwa ukali, wala msimnunulie kwa fahari mbele ya majirani. Mwambieni: «Tuoneshe kwanza wimbo mmoja.»

Sisi tuliliuza gitaa letu kwa nusu ya bei, dada yetu akarudi darasani akiwa amechelewa nyuma ya wenzake. Fedha tuliyoipoteza tuliipata tena baadaye. Muhula ule hatukuupata. Kisha tukaenda kwa mlinzi kumwomba atuazime gitaa lake la nyuzi tano, na juu ya hilo ndipo tulipojifunza wimbo wetu wa kwanza. Wazee walisema: chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba pete hukifanya chanda kuwa chema.