Meno Mazuri Katika Foto: Je, Ni Ahadi?

Kijana, kama meno yako yamepandana, pengine unaona haya kucheka mbele ya wenzako. Leo telefone inaweza kukuonyesha namna utacheka kiisha kuyanyoosha. Kampani ya Marekani, Align Technology, yenye kutengeneza vifuniko vya plastiki vya meno vya Invisalign, iko na chombo kinachoitwa SmileView. Unajipiga foto, akili ya mashini inaweka meno mapya juu yake, na mbele dakika moja iishe unajiona muzuri.

Lakini angalia vizuri. Foto inaona meno ya mbele tu. Haioni mizizi wala mufupa wa taya. Munganga wa meno anaviona kwa radio, tena anapima namna meno ya juu yanakutana na ya chini.

Hata mupango wa ordinatere ambao munganga amekubali hautimie wote. Mwaka 2009 wachunguzi wa Marekani walipima meno ya mbele yaliyonyooshwa kwa Invisalign: kwa wastani, mwendo uliopangwa ulitimia 41 kwa 100. Mwaka 2020 walipima tena: 50 kwa 100. Basi, foto ya telefone itaahidi nini?

Wazazi, musiuze kitu cha nyumba juu ya foto. Muulize munganga kwanza: Jino gani litasogea? Miezi ngapi? Bei yote ni ngapi? Na kiisha kazi, mutoto atavaa nini usiku ili meno yasirudi nyuma? Mwenye kujibu hayo, huyo njo wa kusikiliza.