Kompyuta ipo, kwa nini mwanafunzi wa katuni anachora mpira wiki nzima?

Wiki iliyopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, tulipokea ujumbe wa mama mmoja wa Uyole. Aliandika hivi: "Habari za asubuhi watangazaji. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, tukamlipia kozi ya kutengeneza katuni. Huu ni mwezi wa pili, na kila akirudi nyumbani anachora mpira unadunda. Kompyuta si zipo? Tumeliwa ada, au ndivyo inavyofundishwa? Baba yake anataka ahamie uhasibu."

Hatukuwa na jibu la haraka. Tukamwomba mama aturuhusu kuzungumza na kijana, naye akaja studio na daftari lake na kompyuta mpakato. Tunaandika hapa tuliyojifunza, kwa sababu baada ya ujumbe ule wazazi wengine walipiga simu na swali lilelile.

Kwanza, picha hazitembei

Katuni haina kitu kinachotembea. Ni picha zilizosimama, zinazopita haraka kiasi kwamba jicho linashindwa kuzitenganisha. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, na kila moja huitwa fremu. Wachoraji wa mkono hupunguza kazi kwa kuacha mchoro mmoja ukae kwa fremu mbili, hivyo sekunde moja hutumia michoro 12. Bado dakika moja ni michoro 720.

Michoro hiyo huchorwa kwenye karatasi zenye matundu, zinazoshikwa na vipini ili zisihame, juu ya kioo chenye taa chini yake. Taa humwonyesha mchoraji mchoro uliopita, ajue unaofuata uende wapi. Nyumbani kijana wetu hana meza hiyo. Anabandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, na jua likizama kazi imeisha.

Mpira ulioshuka kama ndoo kisimani

Mpira wake wa kwanza aliuchora akiacha nafasi sawa kati ya mchoro na mchoro. Alipoipiga picha michoro kwa simu na kuichezesha, mpira ulishuka taratibu, kama ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Mwalimu hakumkosoa. Alimpa mpira wa kweli, akamwambia audondoshe na kuutazama.

Kitu kinachoanguka huongeza kasi kadiri kinavyoshuka. Ukigawa muda wa kuanguka katika vipande sawa, kipande cha kwanza mpira husogea hatua 1, cha pili hatua 3, kisha 5, 7, 9 na 11. Tuseme unaanguka kwa nusu sekunde, yaani michoro sita. Jumla ya safari ni hatua 36, na mchoro wa mwisho peke yake umebeba 11. Ndiyo maana michoro ya juu hubanana, na ya chini huachana.

Kuna jambo la pili. Mpira ukigonga chini hubonyea. Kijana aliubonyeza bila kuupanua pembeni, ukaonekana umetoka upepo. Akajifunza kwamba kinachopungua kwa urefu lazima kiongezeke kwa upana. Hapo, anasema, ndipo alipoelewa kwamba somo lilikuwa uzito. Mpira wa tenisi na tufe la chuma ni duara lilelile kwenye karatasi. Tofauti yake mtazamaji huiona katika nafasi kati ya michoro, na katika urefu wa kudunda.

Kisha akafungua kompyuta

Wiki ya tano walianza kompyuta, na yeye kama mama yake alidhani mateso yameisha. Katika programu, huchori kila fremu. Unaweka mpira juu kwenye fremu ya kwanza, unauweka chini kwenye fremu ya 12, na kompyuta inajaza zilizo katikati. Alifanya hivyo kwa dakika moja, akabonyeza kitufe cha kucheza.

Mpira ulianza kushuka, ukaongeza kasi, kisha ulipokaribia sakafu ukapunguza mwendo na kutua polepole, kama lifti inayofika chini. Kompyuta ilikuwa imefuata kawaida yake ya kulainisha mwanzo na mwisho wa kila mwendo. Haikuwa na namna ya kujua kwamba kitu kile ni mpira, wala kwamba chini kuna sakafu ngumu.

Kijana alituonyesha alichofanya baadaye. Aliweka daftari la michoro yake pembeni ya kompyuta, akarekebisha mstari unaoongoza kasi mpaka nafasi zikafanana na zile alizochora kwa penseli. Wenzake waliokosa vipindi vya karatasi walikuwa na programu ileile, ila walibaki wakibahatisha.

Hata wakubwa walipita hapo

Hili si jipya. Ed Catmull alipenda kuwa mchoraji wa katuni, akaona mkono wake hautoshi, akasoma sayansi ya kompyuta huko kwao Marekani. Mwaka 1972, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Utah, alitengeneza filamu fupi ya mkono unaokunja vidole, miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za aina hiyo. John Lasseter alipita njia nyingine: alisomea katuni za kuchora kwa mkono na kufanya kazi Disney. Walikutana kazini, na mwaka 1986 ikatoka Luxo Jr., filamu fupi ya taa mbili za mezani. Taa hazina uso wala mdomo, lakini mtazamaji anajua ipi ni mtoto, kwa udogo wake na kwa namna inavyoruka. Mwaka uliofuata Lasseter aliandika makala kuwaeleza wataalamu wa kompyuta kwamba kanuni za wachoraji wa karatasi zinahitajika pia kwenye mashine. Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, ilikuja 1995.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ipo. Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam, na Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi. Vifaa navyo si kikwazo kama zamani. Programu ya Blender ni ya bure, na Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa nayo. Hatusemi kila anayesoma atapata ajira. Tunasema kwamba programu ikiwa bure kwa kila mtu, anayeajiriwa hatachaguliwa kwa kuwa nayo.

Mzazi aulize nini?

Kwa mama wa Uyole na wengine waliopiga simu: kuchora mpira miezi ya mwanzo si dalili ya kuibiwa ada. La kutazama ni kama mpira wa wiki hii ni tofauti na wa wiki iliyopita, na kama mtoto anaweza kukueleza kwa nini. Mwulize, "Huu ni mzito au mwepesi? Nitajuaje?" Akibaki kimya baada ya miezi miwili, hapo nendeni mkazungumze na mwalimu.

Tulimpigia mama kumpa majibu haya. Akacheka, akasema kwamba sasa mpira umeisha na kijana amepewa zoezi la kiroba cha unga, akifanye kitembee na kuchoka kama mtu. Jumamosi alimwomba anyanyue kiroba cha kilo 25 jikoni mara nne, huku anamrekodi kwa simu.

Tukamwuliza, na baba anasemaje?

"Baba yake ndiye aliyenyanyua mara ya tano," akajibu. "Uhasibu hajautaja tena, lakini hajausahau."