Flashi ni ya Kubebea, Siyo ya Kutunzia

Tazama ile alama ya kuhifadhi kwenye programu ya kuandikia, kale kamraba kenye kona iliyokatwa. Tunakabonyeza kila siku, na wengi wetu hatujawahi kugusa kitu kilichochorwa pale. Ni disketi ya inchi 3.5. Hata herufi C ya diski kuu kwenye kompyuta za Windows imetokana na hizo hizo: A na B zilishatengewa disketi, na mpaka leo zimebaki viti vya wenyewe ambao hawarudi tena.

Disketi ya kwanza ilitoka IBM mwaka 1971, pana kama sahani, inchi 8. Mwaka 1976 ikaja ya inchi 5.25, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sony wakatoa ile ndogo yenye ganda gumu. Hiyo ndogo, katika umbo lake lililoenea zaidi, inabeba megabaiti 1.44. Picha moja ya simu ya siku hizi kwa kawaida haiingii humo! Flashi ya gigabaiti 32, ambayo leo tunaiona ya kawaida tu, inabeba mzigo wa disketi zaidi ya 21,000. Ukizipanga moja juu ya nyingine unapata mnara wa mita 70 hivi.

Mwaka 1998 Apple walitoa iMac isiyo na tundu la disketi, na wapo waliowacheka. Miaka 12 baadaye Sony wenyewe wakatangaza kwamba wanaacha kuziuza Japani. Lakini vitu hivi haviondoki kwa siku moja: mwaka 2024 ndipo serikali ya Japani iliposema imefuta kanuni zaidi ya 1,000 zilizokuwa zikitaka disketi na vyombo vya aina hiyo katika kuwasilisha nyaraka. Kwa hiyo ukiona ofisi fulani chuoni bado inakudai CD, usidhani ni sisi peke yetu.

CD ilikuja na megabaiti 700, DVD na gigabaiti 4.7. Halafu laptopu zikaanza kuwa nyembamba na tundu la CD likatupwa nje. Pembeni mwa yote hayo kulikuwa na uvumbuzi wa Fujio Masuoka wa Toshiba, aliyebuni kumbukumbu ya flashi miaka ya 1980. Mwaka 2000 flashi za USB ziliingia sokoni, nyingine zikiwa na megabaiti 8 tu. Hizo 8 zilitosha kuimaliza disketi.

Sasa jiulize flashi ilishinda kwa sababu gani. Inaingia mfukoni, haina kitu kinachozunguka ndani, unaandika na kufuta utakavyo, na karibu kila kompyuta ina tundu lake. Hakuna sababu hata moja hapo inayohusu kukaa muda mrefu. Ilishinda kwa kubeba. Sisi tukaifanya ghala, na hapo ndipo watu wanapolia mwezi wa kukabidhi utafiti.

Ndani ya flashi hakuna maandishi. Kuna vijumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, kila kimoja kimefungia chaji kidogo ya umeme, na kiasi cha chaji hiyo ndicho kinachosomwa kama data. Chaji huvuja polepole, na joto huharakisha kuvuja. Kila ukiandika na kufuta, kuta za vijumba huchoka. Flashi iliyotumika sana, kisha ikaachwa miaka kadhaa kwenye droo ya chumba chenye joto, inaweza kuamka haina kitu. Tena haitoi dalili. Disketi ilikuwa inakoroma kabla ya kufa, flashi inakata roho kimya kimya.

CD ya kuchoma nayo ina ugonjwa wake. Leza huunguza tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa mwanga na joto. Wengi huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe upande wa hatari ni ule wa juu tunaoandika jina, kwa sababu data ya CD iko chini kidogo tu ya uso huo. Ukiukwaruza kwa ncha ya kalamu umekwangua data yenyewe.

Waingereza walilipa ada ya somo hili. Mwaka 1986 BBC walitengeneza mkusanyiko mkubwa wa picha na maandishi kuhusu maisha ya nchi yao, kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la ardhi na mali la mwaka 1086. Wakauweka kwenye diski za leza zilizohitaji mashine maalumu. Haikupita hata miaka 20, mashine zikawa adimu na wataalamu wakalazimika kufanya kazi ya ziada kuiokoa data. Lile daftari la ngozi la miaka 900 lilikuwa bado linasomeka.

Turudi kwenye foleni ya steshenari, maana huko ndiko flashi nyingi za wanachuo zinakoumizwa. Ukichomeka flashi kwenye kompyuta ya kuprinti, ukirudi chumbani ukakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, usikubali mtu akufomatie. Mara nyingi virusi wa aina hiyo huficha tu mafaili, hawayafuti. Usibonyeze zile njia za mkato. Chukua kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, safisha flashi, amuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, kisha nakili yaliyo yako. Na ile amri ya kutoa flashi kwa usalama siyo mapambo: kompyuta inaweza kukuonyesha kwamba imemaliza kunakili kumbe bado inashusha mzigo. Ukichomoa hapo, faili linabaki nusu.

Dawa ya jumla haina utaalamu. Utafiti wako uwe na nakala tatu, mbili kwenye vyombo tofauti, na moja iwe mbali na unapolala, maana mwizi akichukua begi anaondoka na laptopu na flashi pamoja. Bando siyo kisingizio hapa. Ripoti ya kurasa 60 yenye majedwali machache mara nyingi haifiki hata megabaiti 5, hivyo kujitumia kwa barua pepe kila Ijumaa ni gharama ndogo mno. Ila tumia anwani yako binafsi, kwa sababu anwani ya chuo inaweza kufungwa ukishahitimu.

Kuna jambo moja linaloihusu jumuiya yetu nzima. Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vingi wamekuwa wakikabidhi utafiti pamoja na CD, na CD hizo ziko kwenye makabati ya idara. Humo mna mahojiano na takwimu ambazo huenda hazipo popote pengine. Tulio nao laptopu mpya hatuwezi kuzifungua, na rangi inaendelea kufifia. Kisomeo cha CD cha kuchomeka kwa USB bado kinauzwa madukani, na kimoja kinatosha idara nzima. Ripoti 1,000 za megabaiti 10 kila moja ni gigabaiti 10 tu. Wanafunzi wanne wa kujitolea, kwa ruhusa ya mkuu wa idara, wakae wakati wa likizo fupi: mmoja afungue, mwingine anakili, wa tatu aipe kila faili jina la mwandishi na mwaka, wa nne aandike orodha ya CD zilizogoma ili zijaribiwe kwenye kisomeo kingine. Nakala ziende maktaba. Waanze na kabati lenye CD za zamani kuliko zote.