Mwanga Mweupe wa Jua na Maji ya Kunywa

Je, unajua kwamba mwanga mweupe wa jua si rangi moja? Ni mchanganyiko wa rangi zote unazoziona katika upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Isaac Newton wa Uingereza alilionyesha jambo hilo katika miaka ya 1660. Alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo chenye pembe tatu, rangi zikaachana. Alipozikusanya tena, weupe ukarudi.

Mwanga husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Urefu huo hupimwa kwa nanomita, na nanomita milioni moja ni sawa na milimita moja. Wimbi la rangi nyekundu lina karibu nanomita 700, na la urujuani karibu 400. Chini ya 400 kuna mionzi ya urujuanimno. Jicho haliioni, lakini ndiyo inayounguza ngozi, na ndiyo inayoua vijidudu vya kuharisha ndani ya maji. Aftim Acra na wenzake wa Beirut, Lebanon, walieleza kazi hiyo ya jua mwaka 1980.

Kwa hiyo, kama huna kuni za kuchemshia wala dawa ya klorini, jua linaweza kukusaidia. Fanya hivi:

1. Tafuta chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, isiyo na rangi wala michubuko, isiyozidi lita 2. Chupa ya kijani au ya kahawia huzuia mionzi. Ioshe vizuri.

2. Jaza maji maangavu. Simamisha chupa juu ya kichwa cha makala hii, kisha tazama kupitia mdomo wa chupa. Kama huwezi kusoma herufi, maji yana tope mno. Yaache yatulie, uyachuje, upime tena.

3. Funga kifuniko, laza chupa juani, juu ya bati ikiwezekana, kwa saa 6 tangu asubuhi. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku 2 mfululizo. Siku za mvua mfululizo usitumie njia hii. Chemsha maji au tia klorini.

4. Kunywa kutoka chupa hiyo hiyo, au mimina kwenye kikombe safi. Usiyahamishie kwenye ndoo.

Usiweke chupa nyuma ya kioo cha dirisha, wala usitegemee taa ya nyumbani. Mwanga wake ni mweupe machoni, lakini mionzi inayoua vijidudu haitoshi.

Maji ya bomba yaliyokwisha kutiwa klorini hayahitaji kuanikwa. Jua pia haliondoi sumu wala chumvi.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumpa maji yenye dawa ya chumvichumvi, na umpeleke kituo cha afya mapema.